Upepo Uliobakiza Msonge wa Bibi

Mabati yale niliyanunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa siku nyingi baada ya upepo sikuweza kulitamka mbele ya watu.

Ilikuwa pesa ya pamba, msimu uliotuendea vizuri. Mama alikuwa amechoka kulala chini ya nyasi zinazovuja, kila mvua ikinyesha anahamisha sufuria kutoka kona hii kwenda ile, nami nikaapa kwamba mvua za mwaka huo zitamkuta chini ya bati. Nikaenda Bariadi mjini, nikazunguka maduka, nikachukua geji 30. Geji 28 ni nene zaidi, lakini kwa hela niliyokuwa nayo chumba kimoja kingebaki wazi. Fundi akaniambia tununue na waya, tuuzike kozi tatu chini ya mwisho wa ukuta, ncha zake zije zifunge kenchi. Nikamuuliza waya wa nini na misumari ipo. Hakubishana. Mwenye pesa nilikuwa mimi.

Nyumba ikasimama: vyumba vitatu, tofali za kuchoma, paa la gebo lenye baraza ndefu mbele. Ili uwanja uonekane mpana nikafyeka uzio wa minyaa upande wote wa mashariki, uzio aliopanda babu kabla sijazaliwa. Mama alisema neno moja tu, kwamba minyaa ile ilikuwa inatukinga. Nilidhani anamaanisha dhidi ya ng'ombe za watu.

Ng'ambo ya njia, hatua kama mia moja, alikaa bibi mmoja mjane na mjukuu wake wa kiume. Si bibi yangu wa damu, ila tangu utoto namwamkia shikamoo asubuhi na jioni, naye hajawahi kuniita kwa jina langu, ananiita mjukuu. Nyumba yake ilikuwa msonge wa kizamani, duara, nyasi zikishuka hadi karibu na kiuno cha mtu mzima, mlango wa kuinamia. Minyaa ilimzunguka pande zote, mirefu kuliko paa lenyewe. Nilipomaliza kuezeka nilimwahidi kwamba msimu ukija vizuri tena nitamsaidia naye apate bati. Akacheka, akasema tuombe uzima.

Anayeishi Simiyu anaujua mwezi wa Novemba. Jua la Oktoba limeshachoma kila kitu, mbuga imepasuka nyufa za kuingia mguu, mashamba yamelimwa na yanasubiri mvua ya kupandia. Mbegu za pamba zimeegeshwa ukutani kwenye magunia. Ikifika saa tisa alasiri kila mtu anatazama mashariki, upande wa Serengeti, kuona kama wingu linajijenga. Siku ile lilijijenga tangu saa saba. Kufikia saa tisa lilikuwa jeusi chini na jeupe juu, refu mno, na watu walifurahi. Nakumbuka jirani akipita na jembe begani, akasema kwa sauti, mbula hiyo, leo tunapanda.

Kisha hewa ikatulia. Kuku wakaingia bandani kabla ya wakati. Baridi ikapita miguuni, baridi kama ya mtungi wa maji uliokaa kivulini, na nyuma yake tukaona vumbi limesimama kama ukuta, la kijivu, toka ardhini hadi lilipokutana na wingu. Mama akaita watoto ndani. Nikakimbilia dirisha la mashariki kulifunga. Lilikuwa dirisha la ubao, bawaba zake nilizifunga mwenyewe. Nililisukuma likanirudishia.

Nilisikia misumari kabla sijaona lolote. Msumari wa bati unapong'olewa kwenye ubao hulia, sauti nyembamba kama ya panya, na ililia mingi kwa pamoja, kuanzia kwenye baraza kuja ndani. Halafu paa likapumua. Liliinuka kiasi cha upana wa kiganja, mwanga ukaingia juu ya ukuta pande zote, nikaona vumbi linapita kwenye ule mwanya, likashuka na kutua mahali pake. Likainuka tena, likatua. Mara ya tatu halikurudi. Liliondoka na kenchi zake, zima, kama mtu anavyofunua chungu, na juu yetu kukawa na wingu.

Mama alikuwa ameshawasukuma watoto uvunguni mwa kitanda. Sauti yake naisikia hadi leo: "Chini! Chini ya kitanda, na wewe pia!" Mimi, mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikalala kifudifudi uvunguni nimewakumbatia, na mvua ya mawe ikaanza kupiga godoro juu yetu.

Haikuzidi dakika 15. Sijawahi kuishi dakika ndefu kama zile.

Tulipotoka, paa letu lilikuwa shambani kwa jirani, kenchi zimevunjika, bati nyingine zimejikunja kwenye shina la mkwaju kama karatasi ya kufungia maandazi. Katika kitongoji chetu nyumba tisa zilikuwa zimeezuliwa. Ndama mmoja alikatwa na bati likiwa linaruka, akachinjwa palepale. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alipasuliwa paja. Alibebwa kwa pikipiki akiwa amekaa katikati ya watu wawili, kanga ya dada yake ikiwa imefungwa juu ya jeraha, na alipona. Mwano ulipigwa pande zote, lile yowe ambalo kwetu ukilisikia huruhusiwi kukaa, na watu wakawa wanakimbilia nyumba ambazo zenyewe zinakimbilia kwingine.

Usiku ule kulikuwa na nyumba mbili za jiko zilizobaki na paa, na mama akakataa tulale kwenye vyumba vyetu hata chini ya turubai. Kuta zilikuwa zimelowa na moja ilikuwa na ufa. Alikumbuka Mwakata. Kila mtu wa kanda yetu anaikumbuka: kijiji cha wilaya ya Kahama, usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo viliposhuka watu wakiwa wamelala, wakafa zaidi ya 40. Wengi waliuawa na kuta za nyumba zao wenyewe, tofali za udongo zilizolainika kwa maji na kuwaangukia. Tulilala jikoni, watu kumi na mmoja, miguu ya mmoja kichwani kwa mwenzake, na moshi.

Asubuhi ndipo tukaona kitu ambacho jioni hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukitazama. Msonge wa bibi ulikuwa umesimama. Nyasi za juu kabisa, kwenye kilele, zilikuwa zimechanguka kidogo kama nywele za mtoto aliyeamka. Basi. Hata kuku wake walikuwa wote.

Yeye ndiye aliyetupa uji asubuhi ile. Alipika sufuria kubwa, akamtuma mjukuu wake aite watoto wa nyumba zote tisa, na michembe ya viazi akaitoa kwenye kihenge chake bila kupima. Nilikunywa uji wa yule bibi. Nalisema hili kwa sababu ya kilichofuata.

Siku ya pili maneno yakaanza. Hayakusemwa kwa sauti. Mtu anakusaidia kunyoosha bati kwa nyundo, halafu anainua kichwa na kutazama ng'ambo ya njia. "Nyumba za bati zote zimekwenda. Ya nyasi imebaki." Anarudia kugonga. Mwingine anauliza, kama anajiuliza mwenyewe, hivi wewe uliona wapi upepo ukaruka nyumba? Mwingine anataja Gamboshi, na akishalitaja jina hilo hahitaji kuendelea, kwani Tanzania nzima imekisikia kijiji hicho cha wilaya yetu na sifa za uchawi zilizobebeshwa watu wake. Kufika siku ya tatu nikasikia mtu anasema macho ya bibi ni mekundu.

Msomaji wa mbali anaweza kudhani hayo ni maneno tu. Kwetu Usukumani si maneno tu. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga katika mikoa ya kanda hii kwa tuhuma ya bulogi, yaani uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na haijawahi kufika kijijini kabla ya panga. Macho yale yanafanywa mekundu na moshi. Mwanamke aliyepika miaka 60 kwa mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa sababu kuni hakuna, macho yake yatakuwa meupe kwa njia gani?

Nilijua yote hayo. Nimesoma, nimeishi mjini. Na bado niseme ukweli: kwa siku moja na nusu yale maneno yalinipunguzia mzigo. Kama upepo ulitumwa, basi mabati yangu hayakuwa na kosa, wala minyaa niliyoifyeka, wala waya nilioukataa. Nilimpita bibi njiani asubuhi ya siku ya tatu, nikamwamkia huku nikitazama chini. Akaitika marahaba kama siku zote, akauliza mama amelalaje. Nilifika shambani nimeshikwa na aibu ambayo haijanitoka.

Kilichonizindua ni gunia la mbegu. Mbegu za pamba zilikuwa zimelowa, na kwa shughuli nyingi hakuna aliyezianika. Siku ya nne nilizamisha mkono ndani ya gunia, nikautoa haraka. Zilikuwa za moto, moto wa kweli, kama uji uliopoa nusu. Zilikuwa zimeanza kuota na kuoza humohumo. Hakuna mtu angesema gunia lile lina mkono wa mtu. Lilikuwa na maji, manyoya na joto, nami sikulianika. Nilikaa chini pale, mkono unanukia uchachu, nikatazama ukuta wetu. Juu yake, mahali kenchi zilipokuwa zimelala, kulikuwa na alama za misumari tu.

Nilikwenda kumtafuta fundi.

Fundi hakunisema. Alikuja jioni kwenye kikao chini ya mkwaju, ambako mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anaandika majina ya walioathirika kwenye daftari ili yapelekwe kijijini na kata, kwa kamati za maafa. Sungusungu walikuwepo, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana jeshi hilo la wananchi lilizaliwa kanda hii mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na ni mkono wenye nguvu: linalinda, na likipotoka linaumiza. Mazungumzo yalikuwa yameanza kukaribia ng'ambo ya njia. Mzee mmoja alikuwa ametaja mganga, kwamba tuchange, tupige ramli tujue.

Fundi akaomba karatasi. Mwenyekiti akachana ukurasa wa mwisho wa daftari. Fundi akaukata kwa kidole kipande chembamba, akakishika ncha kwenye mdomo wa chini, kikaning'inia. Akapuliza juu yake. Kile kipande kikainuka, kikasimama mlalo mbele ya uso wake. Akaacha kupuliza, kikaanguka. Akapuliza tena. Watoto wakacheka. Akasema: "Nimepuliza juu. Nani kakisukuma kutoka chini?"

Akaeleza kwa maneno ya kazi yake. Upepo ukipita kasi juu ya bati, unalivuta kwenda juu. Ukipata mwanya chini, kama baraza ndefu au dirisha lililofunguka, unaingia ndani na kulisukuma. Juu kuna anayevuta, chini kuna anayesukuma, na katikati kuna msumari wa inchi tatu. Baadaye nilikaa na hesabu zake. Upepo wa kilomita 100 kwa saa hukandamiza kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 48, na bati la geji 30 kwa eneo hilohilo halizidi kilo 3. Ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu haipungui nusu, inabaki robo. Kwa hiyo nyumba inaweza kuvumilia pepo za miaka mitano ukadhani ni imara, kumbe haijawahi kupimwa.

"Na wa bibi?" mzee akauliza. Ndilo swali ambalo wote walikuwa wanalisubiri.

Fundi akatutaka tusimame twende tukauone. Tulikwenda, kikao kizima, jua linazama. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Alipotuona tuko wengi, na sungusungu ndani yetu, aliacha ungo. Sikumwona akitetemeka. Nilimwona akimwita mjukuu wake aje asimame karibu naye. Nikavuka nikasimama upande wake wa pili. Ndilo jambo pekee nililolifanya jioni ile, na nililifanya kwa kuchelewa siku tatu.

Fundi alimwomba ruhusa, akazunguka nyumba akipigapiga kwa kiganja. Nyumba ya duara haina uso wa kupigwa, upepo unateleza pembeni. Paa lake limesimama mno, haliinuliwi kirahisi kama la mteremko mdogo. Nyasi zinapitisha hewa, kwa hiyo inayosukuma ndani inapata pa kutokea. Aliinama, akatuonyesha fito za paa zilivyofungwa kwa kamba za magome kwenye nguzo, na nguzo zilivyozama ardhini. Akasimama, akaonyesha minyaa. Hapo hakusema kitu, akanitazama mimi. Nikasema mbele ya wote kwamba nilifyeka ya kwetu, na kwamba waya alinishauri nikaukataa.

Siwezi kudai kwamba maneno yalikufa jioni ile. Mzee aliyetaka ramli alinyamaza tu. Lakini mchango haukuchangwa.

Tangu siku hizo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya upepo. Wingu lililotupiga huzaliwa mchana na kufa kabla ya usiku: unyevu unaletwa na upepo wa Ziwa Victoria, unakutana na ule wa mashariki juu ya ardhi iliyokaangwa na jua, hewa inapanda, na mvua inapoanza kushuka inapoza hewa inayoizunguka, ile hewa nzito inaporomoka hadi chini na kutawanyika kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Ndiyo ile baridi iliyotupita miguuni. Kitu kidogo namna hiyo hakingojwi kwa siku kadhaa kama Kimbunga Hidaya, ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitangaza mapema kabla hakijafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Sisi tangazo letu ni wingu lenyewe, na muda wetu ni nusu saa ya kufunga madirisha.

Na kuhusu upepo kuchagua, nimesoma habari za Zanzibar. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba, ng'ambo ya mkondo tu, ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Njia ya kimbunga ilipita pale haikupita hapa.

Jambo jingine lilinigusa zaidi, nalo ni la kwetu kabisa. Uwazi wa nchi yetu una historia. Wakati wa mkoloni vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa maelfu ya ekari kuwafukuza mbung'o, na pamba ikafuata nyuma ya mashoka. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado Shinyanga, maana Simiyu ilizaliwa 2012, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza kuwarudisha watu kwenye ngitili, yale malisho yanayofungwa ili nyasi na miti viote tena. Tuliihesabu kuwa habari ya ng'ombe na kuni. Upepo unaotoka mbali bila kukutana na mti unafika ukiwa na kasi yake yote, na mimi nikauondolea hata kile kizuizi cha mwisho.

Tulijenga upya kabla ya Krismasi. Paa la migongo minne, baraza ikaezekwa peke yake ili ikienda isiondoke na nyumba, misumari ikasogezwa karibu karibu kwenye kingo, na waya ukapita ndani ya ukuta kozi tatu kutoka juu. Fundi alivunja tofali za juu ili aupitishe. Nilishika kila ncha alipokuwa anaikaza kwa koleo. Msaada wa vyakula na mabati machache kutoka juu ulifika ukiwa umechelewa, tukaupokea. Vijana wa kitongoji walishatangulia, nyumba moja baada ya nyingine, kwa ugali wa mchana tu. Sisemi watu warudi kwenye nyasi. Nyasi zinaungua, zinaliwa na mchwa, zinataka kubadilishwa, na bibi mwenyewe alikuwa anavuna maji ya mvua kutoka kwenye bati zetu.

Mvua zilipokolea, watu walianza kwenda kwake kuomba vipande vya minyaa. Ni mmea usio na masharti, unakata tawi, unalichomeka, linashika. Nilikuwepo alipokuja yule aliyesema juu ya macho. Alikuja giza linaingia, akasimama nje ya mlango mpaka akaitwa. Hakuomba radhi, wala bibi hakumngojea aombe. Alichukua panga lake dogo, akamkatia matawi ishirini hivi, maziwa meupe yakichuruzika, akayafunga kwa kamba.

"Beba mbali na uso, mwanangu," akamwambia. "Utomvu huu ukiingia machoni, utawasha usiku kucha, na asubuhi yatakuwa mekundu."

Yule bwana akaupokea mzigo kwa mikono miwili.